Amepona, ila kifungo cha shati hakifungi

Hapa Bongo kupona tumekupa tafsiri moja tu: hujafa. Mama akiingia hospitali amebebwa, akatoka anapumua, tunapigiana simu ukoo mzima, tunachinja kuku, tunasema Mungu mkubwa. Na kweli ni mkubwa. Lakini subiri wiki tatu zipite, wageni waishe, kuku aishe, halafu nenda kamtazame huyo aliyepona. Utamkuta kwenye kiti cha plastiki barazani. Analishwa uji. Anavalishwa kanga. Anaogeshwa na binti yake ambaye alitakiwa awe darasani saa hizo. Mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Ukiuliza hali, utajibiwa: "Anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu."

Anaendelea vizuri kwenda wapi?

Leo, ndugu zangu, nataka tuzungumze juu ya mtu ambaye kazi yake inaanza pale tunapodhani kazi ya hospitali imekwisha. Kiswahili cha hospitali kinamwita mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Wengine wanasema tiba kazi. Mitaani hana jina kabisa. Wagonjwa wanamwita "yule wa mazoezi", jina lile lile wanalompa mwenzake wa fiziotherapia. Na kwa kuwa vyumba vyao mara nyingi vimejaa midoli, mipira na vibao vya rangi, nimeshasikia wakiitwa "wale wa chekechea". Watu hawa wamesoma mishipa ya fahamu na ubongo, sisi tunawaita wa chekechea!

Mimi naandika habari gazetini. Afya ni moja ya kazi ninazotumwa, kwa hiyo wodini naingia mara kwa mara. Nimeona jinsi tunavyoandika: mashine mpya imezinduliwa, jengo jipya limefunguliwa, upasuaji wa kwanza wa aina yake umefanyika. Habari nzuri zote, na zinastahili ukurasa wa mbele. Ila sijawahi kumwona mhariri akiweka ukurasa wa mbele habari ya mwanamke aliyeweza kumenya kitunguu kwa mkono mmoja. Na bado, kwa yule mwanamke, kitunguu kile ndicho tofauti kati ya kuishi na kuhesabu siku.

Tuanze na neno "kazi", maana ndilo linalochanganya watu. Ukisema tiba kazi, mtu anadhani utatafutiwa ajira. Hapana. Kazi hapa ni kila kinachojaza siku ya binadamu: kuamka, kujisaidia, kuoga, kuvaa, kupika, kula, kusali, kuandika, kulima, kuuza duka, kucheza bao. Kwa mtoto, kazi ni kucheza. Ndiyo maana midoli imejaa mle chumbani. Mtaalamu huyu anauliza swali moja ambalo daktari hana muda wa kuliuliza: siku yako ilikuwaje kabla ya ugonjwa, na sasa ni wapi inakwama?

Watu wengi wanachanganya tiba hii na fiziotherapia. Ni ndugu, lakini si pacha. Kwa lugha ya mtaani tuseme hivi: wa fiziotherapia anahangaika na goti likunjike, msuli upate nguvu, utembee. Wa tiba kwa vitendo anakuuliza, ukishatembea unakwenda wapi, na ukifika utafanya nini? Choo chenu ni cha shimo? Utachuchumaaje kwa mguu mmoja? Basi tumwite fundi akate tundu kwenye kiti cha mbao, kiwekwe juu ya lile shimo, na mpini wa kushikilia upigwe ukutani. Hapo hakuna mashine ya mamilioni. Kuna akili, msumeno na misumari.

Nilimshuhudia mmoja akiwa kazini na mama lishe aliyepatwa na kiharusi upande wa kulia. Nilikwenda kwa habari nyingine kabisa, nikajikuta nimekaa pale saa nzima. Kwanza alimfundisha kuvaa blauzi. Kumbe kuna kanuni: ukivaa, unaanza na mkono mgonjwa, ukivua, unaanza na mkono mzima. Mimi na digrii yangu ya chuo kikuu sikuwa nimewahi kuliwaza hilo. Kisha akaleta kijiko ambacho mpini wake ulikuwa umezungushiwa kitambaa na mpira wa tairi ya baiskeli ukawa mnene, maana vidole dhaifu vinashika kitu kinene kuliko chembamba. Kisha akatoa kibao cha kukatia mboga kilichopigwa misumari miwili iliyosimama. Unachomeka kitunguu pale, hakikimbii, unakata kwa mkono mmoja. Yule mama alikata kitunguu. Alikata vibaya, vipande vikubwa vikubwa. Halafu akalia, na sidhani kama ilikuwa kitunguu.

Binti yake aliyemleta alikuwa amesimama pembeni. Mara mbili alinyoosha mkono kutaka kusaidia. Mara mbili mtaalamu alimwambia kwa upole, "Mwache mama, dada. Mwache."

Hapo ndipo penye hoja yangu ya leo, na najua wengine hamtaipenda. Sisi tunajivunia kulea wagonjwa wetu. Tunawacheka Wazungu wanaowapeleka wazazi wao kwenye nyumba za wazee. Kweli, mgonjwa wa Kiswahili haachwi peke yake; atakuwa na shangazi, mjomba, mpwa na jirani. Lakini upendo wetu una tabia moja: unapenda kufanya kila kitu kwa niaba. Tunamlisha anayeweza kujifunza kula. Tunamvalisha anayeweza kuvaa kama akipewa dakika ishirini badala ya mbili. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo tunambeba mgongoni hadi anatimiza miaka minane, kwa huruma kabisa, na siku tunaposhindwa kumbeba tunamlaza chumba cha nyuma. Hakuna aliyetaka mabaya. Lakini mwisho wake ni mtu mzima aliyegeuzwa mzigo na watu wanaompenda.

Mtaalamu huyu anakuja kuvunja hiyo tabia bila kuvunja upendo. Na jambo zuri ni kwamba haji na orodha yake mwenyewe mfukoni. Anatakiwa akuulize wewe unataka nini. Mzee mmoja wa mwambao hatataka kujifunza kuchemsha chai. Chai amechemshiwa maisha yake yote. Atakwambia anataka kutawadha mwenyewe na kufika msikitini. Basi tiba yake itakuwa hiyo: birika lenye mpini mkubwa, kigoda cha kukalia, namna ya kumwaga maji kwa mkono wa kushoto, na mahali pa kushika wakati wa kuinuka. Kijana aliyevunjika uti wa mgongo kwenye ajali ya bodaboda atakuwa na orodha nyingine. Mtoto mwenye usonji anayepiga kelele kila akivalishwa sare ya shule atakuwa na nyingine kabisa.

Fikra hii haikuanza jana. Machi 1917, huko Clifton Springs, jimbo la New York, watu wachache waliunda chama cha kwanza cha taaluma hii Marekani. Mmoja wao, George Barton, alikuwa msanifu majengo. Aliugua kifua kikuu, akapoteza sehemu ya mguu, kisha upande wa kushoto wa mwili ukapooza. Alijifunza kurudi kwenye maisha kwa kufanya kazi za mikono, useremala na bustani, kisha akafungua nyumba yake kwa wengine. Mwenzake Eleanor Clarke Slagle alikuwa akifanya kazi na wagonjwa wa akili, akiamini kwamba siku iliyopangwa vizuri, yenye kazi, mapumziko na michezo, ni dawa. Vita Kuu ya Kwanza ikaleta majeruhi kwa maelfu, na taaluma ikapata kazi ya kutosha. Mwaka 1952 likaundwa shirikisho la dunia.

Na msiseme ni mambo ya Wazungu. Baada ya uhuru nchi hii ilianzisha vijiji vya wagonjwa wa akili, mahali ambapo mgonjwa aliishi, akalima na kufuga badala ya kufungiwa chumbani. Aliyebuni hilo alielewa kwamba jembe laweza kuwa sehemu ya tiba. Bibi zetu pia walielewa. Mfiwa akikaa sana kitandani, bibi alimwambia inuka uchambue mchele. Tofauti ni kwamba mtaalamu anajua mchele upi, kiasi gani, lini, na kwa nini.

Anajua kwa sababu amesoma. Hapa ndipo wale wa "chekechea" wanapaswa kusikiliza. Tanzania taaluma hii ilianza kufundishwa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, mwishoni mwa miaka ya 1990. Kozi iliyozalisha wataalamu wetu wengi ni stashahada ya miaka mitatu, na huingii bila kufaulu masomo ya sayansi. Mle ndani mna anatomia na fiziolojia, magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu, saikolojia, afya ya akili, ukuaji wa mtoto, majeraha ya mkono, na kutengeneza vifaa. Shirikisho la dunia linataka mwanafunzi amalize angalau saa 1,000 za mafunzo kwa vitendo chini ya msimamizi kabla hajaitwa mtaalamu. Saa elfu moja! Ukipiga saa nane kwa siku, ni siku 125 za kazi ukiwa na wagonjwa wa kweli.

Majirani zetu Wakenya walianza kufundisha taaluma hii zamani kuliko sisi, kwenye chuo chao cha mafunzo ya tiba, na mwaka 2014 bunge lao lilipitisha sheria maalumu ya mafunzo, usajili na leseni za wataalamu hawa, yenye baraza lake. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Witwatersrand kilianza kuwafundisha mwaka 1943, wakati babu zetu wengine wakiwa vitani. Marekani siku hizi huanzi kazi bila shahada ya uzamili au ya udaktari, halafu mtihani wa taifa, halafu leseni ya jimbo. Uingereza usiposajiliwa na baraza la taaluma za afya, kulitumia jina hilo ni kosa la jinai. Huku kwetu yeyote mwenye chupa ya mafuta ya nazi na vidole vyenye nguvu anaweza kuja nyumbani akamchua mgonjwa wa kiharusi, akavuta bega lililolegea mpaka likatoka mahali pake, akalipwa, akaondoka. Nani atamuuliza cheti?

Turudi kwenye magazeti, maana mimi nimo humo na lazima niseme. Kila mwaka tunapiga picha zile zile: mheshimiwa, mfadhili, safu ya viti vya magurudumu vinavyong'aa, na watu wenye ulemavu wameketi wakipiga makofi. Habari imekwisha. Hakuna anayeuliza nani aliwapima. Kiti cha magurudumu kinapimwa kama suti, jamani. Upana wa nyonga, urefu wa paja, kimo cha miguu, hali ya mgongo. Ukimpa mtoto kiti cha mtu mzima, anainama upande, uti unapinda, kifua kinabanwa. Ukimpa mtu asiye na hisia miguuni kiti kisicho na mto unaofaa, anapata kidonda cha mgandamizo, na kidonda hicho kikiingia mfupa kinaua. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya viti hivi tangu mwaka 2008: kumpima mtu, kumwekea sawa, kumfundisha, kumfuatilia. Mwenye ujuzi wa kazi hiyo ni mtaalamu ninayemzungumzia. Kwenye picha zetu hayupo.

Ajabu ni kwamba gazeti lenyewe lina faida kwake. Wataalamu wengi Afrika Mashariki wanajua kutengeneza viti vya watoto wenye mtindio wa ubongo kwa maboksi na magazeti ya zamani, yaliyogandishwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga, yakakauka yakawa magumu kama ubao. Mtoto anakaa wima, mikono inakuwa huru, anamwona mama usoni, anaanza kushika kikombe. Niseme ukweli, katika maandishi yangu yote yaliyowahi kuchapwa, sijui kama kuna lililomsaidia mtu kama linavyomsaidia mtoto aliyekalia makala yangu.

Najua nitaambiwa: kijana, nchi ina upungufu wa madaktari na wauguzi, wewe unaleta habari ya vijiko vinene? Tuanze na kuokoa roho. Nakubali kwamba roho inatangulia. Lakini tufanye hesabu kama watu wa duka. Baba aliyepooza haendi kazini: mmoja. Mkewe anaacha genge lake amhudumie: wawili. Binti anakosa shule: watatu. Ugonjwa mmoja umeangusha watu watatu, na watatu hao hawamo kwenye takwimu yoyote ya hospitali, kwa sababu hospitali iliandika "ameruhusiwa, hali nzuri". Kama wiki sita za tiba zitamwezesha baba kujiogesha na kula mwenyewe, mama anarudi gengeni na binti anarudi darasani, hata kama baba hatarudi kazini kamwe. Hizi ni fedha. Nashangaa wachumi wetu hawazioni.

Na si kwetu tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 2.4 wana hali za kiafya ambazo zingenufaika na huduma za utengamao, na katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya nusu ya wanaozihitaji hawazipati. Mei 2023, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuimarisha huduma hizi ndani ya mifumo ya afya. Mwaka huo huo, Bunge letu lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Basi swali langu kwa wakubwa ni jepesi: kwenye hiyo bima, mama lishe wetu atalipiwa dawa za shinikizo la damu tu, au atalipiwa na yule anayemfundisha kukata kitunguu?

Ukienda KCMC, Muhimbili au CCBRT utawakuta wataalamu hawa. Sasa mwambie mtu wa Namtumbo au Kibondo asafiri hadi huko mara mbili kwa wiki kufundishwa kuvaa shati. Nauli peke yake itamrudisha kitandani. Huduma inayohusu maisha ya nyumbani inatakiwa iwe karibu na nyumbani: hospitali ya wilaya, na mtaalamu anayetoka kwenda mitaani kuangalia choo, ngazi, jiko na kitanda. Hicho ndicho ningependa kukiona kwenye bajeti, na hicho ndicho wabunge wanapaswa kuulizwa, badala ya kuulizwa tu ni ambulansi ngapi wameleta.

Kwa wadogo zangu mliomaliza shule na kila mzazi anawaambia udaktari, uhandisi au uanasheria: kuna kazi hii. Inataka sayansi, inataka mikono, inataka subira ya kumwangalia mtu akihangaika na kifungo kwa dakika kumi bila kumfungia. Haitakupa msafara wa magari. Itakupa watu watakaokukumbuka kila asubuhi wanapovaa.

Na kwa sisi wengine, ambao siku yoyote tutakaa kwenye benchi la wodi tukisubiri kumchukua mgonjwa wetu, kabla hamjasaini karatasi ya kuruhusiwa ulizeni maswali matatu. Nani atamfundisha kula, kuoga na kuvaa? Yuko wapi? Tumrudishe lini? Mkiambiwa hayupo, ulizeni nani yuko karibu zaidi. Mkitazamwa kwa mshangao, ulizeni tena kwa sauti ya juu kidogo. Huduma nyingi hapa nchini zimekuja baada ya watu kuona aibu ya kuulizwa kila siku kwa nini hazipo.